Kabla ya kuiaga barafu ya Alpi, ingia makumbusho

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa kuhifadhi mito ya barafu, yaani barafu nene ya milimani inayosogea polepole, ukaitenga Machi 21 ya kila mwaka kuwa siku yake. Nia ilikuwa kuzihimiza serikali zichukue hatua. Kwa wasafiri wengi, hata hivyo, ujumbe umefika na sura nyingine: nenda kaione barafu kabla haijaisha. Ndivyo safari zinavyonadiwa Chamonix na Zermatt, miji ya milima ya Alpi huko Ulaya, na ndivyo zinavyonadiwa Moshi na Arusha kwa wageni wanaoitamani theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Waswahili wenzetu wanaoishi Ulaya nao, wakipata likizo, hupanda treni hadi ukingoni mwa mto wa barafu, wakapiga picha na kurudi. Makumbusho ya milima yaliyo jirani huachiwa siku ya mvua, au wazee wasioweza kutembea.

Naona mambo yamewekwa kichwa chini miguu juu. Mwenye siku chache za kukaa Alpi, na anayejali kweli yanayoipata milima hiyo, aanze na makumbusho. Barafu aiendee baadaye, akiwa tayari na maswali. Barafu haitamwambia ilikuwa kubwa kiasi gani babu zetu walipokuwa vijana. Haitamwambia nani aliyekata ngazi juu yake kwa shoka ili bwana mmoja apite na kuandikwa kitabuni. Na kwa mtu wa Afrika Mashariki ipo sababu ya ziada ambayo haisemwi vya kutosha: sehemu ya kumbukumbu za Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori imo mikononi mwa watu wa Alpi, kwa kuwa wao ndio waliokuja na kamba, kamera na daftari.

Chukua Mer de Glace, mto wa barafu ulio juu ya Chamonix, Ufaransa. Reli ya Montenvers ilifika pale mwaka 1909, wakati ambapo abiria alishuka treni na kuikuta barafu si mbali na miguu yake. Tangu hapo barafu imeshuka sana, na kufika kwenye pango linalochongwa ndani yake watu walifikia kulazimika kuteremka zaidi ya ngazi 500 za chuma. Njiani kuna vibao vya miaka vinavyoonyesha barafu ilikuwa imefika wapi. Mwaka 2024 lilizinduliwa gari jipya la kamba, lile linaloning'inia hewani, liwafikishe watalii sehemu ya juu zaidi ambako barafu bado ipo. Ukitafakari, kitu kinachomfundisha mgeni pale ni vile vibao. Barafu iliyobaki, imefunikwa na mawe na vumbi, ingeweza kumpita mtu asiyejua bila kumwambia lolote. Vibao ni makumbusho madogo kabisa: mtu alipima, akaandika, akaacha alama ili anayekuja baadaye alinganishe.

Kazi hiyo ya kupima na kuacha alama ndiyo iliyoyazaa makumbusho ya milima. Makumbusho ya Taifa ya Mlima ya Torino, Italia, yalianza mwaka 1874 kwenye kilima cha Monte dei Cappuccini, mahali ambapo mtu angeitazama safu ya Alpi kwa darubini. Yale ya Bern, Uswisi, yalianzishwa mwaka 1905, na hazina yake kubwa ni mifano ya milima iliyochongwa kwa vipimo, bonde kwa bonde, na mafundi waliotumia miaka mingi juu ya mlima mmoja. Barafu ya Alpi ilikuwa imefikia upeo wake wa karne za karibuni kiasi cha mwaka 1850, kwa hiyo ramani, picha na michongo ya karne ile ni ushahidi wa ukubwa ambao hakuna aliye hai aliyeuona. Mtu akisoma kwamba Uswisi ilipoteza asilimia 10 ya ujazo wa barafu yake katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, anaweza kuipokea kama takwimu nyingine ya kupita. Akiisoma akiwa amesimama mbele ya mchongo wa bonde hilohilo lilivyokuwa, anajua asilimia 10 ni ya kitu gani.

Pia si kweli kwamba makumbusho haya ni makaburi, kama wanavyosema baadhi ya wanaharakati wa mazingira wenye uchungu wa haki. Kaburi halipokei kitu kipya kila kiangazi. Septemba 19, 1991 wapanda milima wawili walikuta maiti ya mtu kwenye barafu iliyokuwa ikiyeyuka, mita 3,210 juu ya usawa wa bahari, mpakani mwa Austria na Italia. Ilidhaniwa ni mpanda mlima wa siku za karibuni. Ikaja kuonekana kwamba alikufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Leo Ötzi, kama anavyoitwa, yumo katika makumbusho ya Bolzano, ndani ya chumba chenye ubaridi wa nyuzi 6 chini ya sifuri, na wageni humtazama kupitia kidirisha. Mwaka 2001, miaka kumi baada ya kupatikana, picha za eksirei zilionyesha ncha ya mshale kwenye bega lake la kushoto: aliuawa. Huko Peio, kaskazini mwa Italia, kwenye kilele cha Punta Linke chenye mita 3,629, kituo cha magari ya kamba cha wanajeshi wa Austria na Hungaria wa Vita Kuu ya Kwanza kilitoka kwenye barafu, kikafukuliwa na kufanywa makumbusho palepale. Kwenye mlima wa Marmolada, Italia, wanajeshi walichimba ndani ya barafu mahandaki na mabweni yaliyoitwa mji wa barafu. Mji huo umeyeyuka na vifaa vyake vinaokotwa hadi leo. Ni mlima uleule ambao Julai 3, 2022 kipande cha barafu kilimeguka na kuua watu 11.

Hoja nzito zaidi dhidi ya makumbusho ya milima ni kwamba yamejengwa kusifu ushindi. Mlima unaonyeshwa kama adui, aliyefika kileleni kwanza anapewa ukuta mzima, na watu wa bondeni wanabaki pembeni ya picha wakiwa wameshika mizigo. Nakubali kwamba hoja hii ina mashiko, na inayahusu makumbusho mengi. Lakini humohumo ndimo unamoweza kuukuta ushahidi unaowapinga washindi. Katika makumbusho ya Zermatt, Uswisi, yaliyo chini ya ardhi karibu na kanisa, kipo kipande cha kamba iliyokatika Julai 14, 1865, siku ambayo watu saba walifika kwa mara ya kwanza kwenye kilele cha Matterhorn na wanne wakaanguka na kufa wakishuka. Waliosalia ni Mwingereza Edward Whymper na waongozaji wawili wa Zermatt, Peter Taugwalder na mwanawe mwenye jina hilohilo. Whymper alipata umaarufu. Taugwalder mkubwa alipata minong'ono kwamba aliikata kamba ajiokoe, ingawa uchunguzi ulimwondolea lawama, na minong'ono hiyo ikamwandama hadi mwisho wa maisha yake. Nimesimama mbele ya kamba hiyo. Haizidi sana unene wa kamba ya kuanikia nguo, na mtu yeyote aliyewahi kubeba mzigo anaona mara moja kwamba haikuhitaji kisu. Kwa zaidi ya miaka 160 kitu hicho kidogo kimekuwa kikimtetea mwongozaji dhidi ya maneno ya watu. Tungekitupa kwa kuwa kimekaa katika nyumba ya sifa, tungempokonya Taugwalder shahidi wake wa pekee.

Ni hapo ndipo ninapopima ubora wa makumbusho ya mlima: yanamtaja nani aliyefanya kazi? Waongozaji wa Alpi walikuwa na vitabu vidogo ambamo kila mteja aliandika ushuhuda wa jinsi alivyohudumiwa, tarehe na kilele. Vitabu hivyo vimehifadhiwa, na kwa sababu hiyo wakulima na wachungaji wa Chamonix, Courmayeur na Zermatt wana majina katika historia. Reinhold Messner, mpanda milima wa Tirol ya Kusini, jimbo la kaskazini mwa Italia, amejenga mtandao wa makumbusho sita katika ngome na vilele vya kwao, na ndani ya mtandao huo tofauti ninayoisema inaonekana wazi. Ngome ya Sigmundskron karibu na Bolzano, iliyofunguliwa kama makumbusho mwaka 2006, ina mnara unaoeleza jinsi maelfu ya wenyeji walivyokusanyika hapo Novemba 17, 1957 kudai mamlaka ya kujitawala ndani ya Italia, baada ya miaka mingi ya lugha yao ya Kijerumani kubanwa. Na katika ngome ya Bruneck yapo makumbusho ya watu wa milimani, ya Asia, Afrika, Amerika ya Kusini na Ulaya: nyumba zao, mifugo yao, dini zao. Hapo mlima ni mahali pa kuishi, pa kulima na kugombea haki, na anayefika kileleni ni mpita njia tu.

Makumbusho ya Messner yanayopigwa picha kuliko yote ni mengine, yale ya Corones, juu ya mlima wa Kronplatz, mita 2,275, yaliyobuniwa na msanifu majengo Zaha Hadid na kufunguliwa mwaka 2015. Sehemu kubwa ya jengo imezikwa ndani ya mlima, na madirisha makubwa yanatokeza nje kama macho. Wakosoaji wanasema kilele si mahali pa jengo, na kwamba makumbusho ya namna hii yanageuza mlima kuwa uwanja wa maonyesho. Watetezi wanajibu kwamba Kronplatz ilikwisha jaa magari ya kamba na njia za kuteleza kwa ski muda mrefu kabla ya Hadid kuchora mstari wa kwanza. Wote wanasema kweli, lakini nikilazimika kuchagua nitasimama na wakosoaji. Jengo zuri kileleni linaongeza sababu ya kupeleka watu wengi zaidi juu wakati wa kiangazi, na hadithi linayoisimulia, ya upandaji wa jadi usiotegemea mitambo, inasimuliwa kwa watu waliopandishwa na mitambo. Somo la Bruneck, lililo mjini, chini kabisa, halikuhitaji kugusa kilele chochote. Sisi tunaupata mjadala huu mapema. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba inafikiria kuweka magari ya kamba Kilimanjaro, na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, pamoja na waongoza watalii wakapinga wakihofia riziki zao. Upande wa ajira ulizungumzwa sana. Upande wa mlima utamfundisha nini mtu aliyepandishwa na kushushwa kwa saa chache haukuzungumzwa hata kidogo.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo ninayoisikia mara nyingi kwa watu wetu, ni kwamba mambo haya hayatuhusu: Alpi ni ya Wazungu, makumbusho yao ni ya Wazungu, na kiingilio ni bora kiende kwenye nauli. Anayesema hivyo atazame wasifu wa watu wa Courmayeur, mji mdogo chini ya Mont Blanc. Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder alipokwenda kuupanda Mlima Kenya aliwachukua waongozaji wawili wa mji huo, César Ollier na Joseph Brocherel, na Septemba 13 watatu hao wakafika Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huo. Mito miwili ya barafu ya mlima ule ilipewa majina yao, Cesar na Joseph. Msafara uleule ulikuwa na wapagazi Waswahili walioajiriwa Zanzibar na wengine wengi Wakikuyu, na katika karatasi za Mackinder ipo orodha ya wapagazi ambamo wanane wameandikiwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Wanahistoria wanabishana hadi leo kuhusu nani alitoa amri hiyo na kwa nini. Waongozaji wawili wa Courmayeur majina yao yako kwenye ramani. Wapagazi wanane hawana hata jiwe.

Miaka saba baadaye Ollier na Brocherel walirudi Afrika, safari hii wakiwa na Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia aliyekuwa na cheo cha Duke wa Abruzzi, na Juni 18, 1906 wakafika kilele cha Margherita, mita 5,109, katika Rwenzori. Makumbusho ya Courmayeur, yaliyofunguliwa mwaka 1929 katika nyumba ya waongozaji, yana jina la mtu huyo. Ya Torino nayo yana jina lake. Mpiga picha wa msafara alikuwa Vittorio Sella wa Biella, mji ulio miguuni mwa Alpi, ambako mikusanyo yake imehifadhiwa mpaka sasa. Picha zake za 1906 ndizo watafiti wanazozilinganisha na za leo kuonyesha jinsi barafu ya Rwenzori ilivyopungua, kutoka takriban kilomita za mraba 6.5 wakati ule hadi chini ya 1 mwaka 2003. Mganda anayetaka kuona mlima wa kwao ulivyokuwa wakati bado umevaa barafu yake itampasa kuwaomba watu wa Biella. Na Wakonzo, wenyeji wa Rwenzori, waliobeba sahani zile za kioo za kamera hadi kambi ya Bujongolo, wakijua njia ambayo Duke hakuijua, wamo katika simulizi kama kundi tu.

Kilimanjaro yenyewe ina uzi uleule. Oktoba 6, 1889 Mjerumani Hans Meyer alifika Kibo pamoja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo wa Salzburg aliyekuwa miongoni mwa wapanda milima hodari wa Alpi wa wakati wake. Meyer mwenyewe aliandika habari za Muini Amani wa Pangani, aliyekaa nao kambi ya juu akiwapikia na kulinda vitu. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alitambuliwa karne moja baadaye, mwaka 1989, kuwa ndiye aliyewaonyesha njia, jambo ambalo wanahistoria wengine wanalitilia shaka. Meyer aliondoka na jiwe la kileleni. Nusu alimpa mfalme Wilhelm II, nayo ikawekwa kwenye ukuta wa kasri la Potsdam. Nusu nyingine ilikuja kuonekana mikononi mwa muuza vitu vya kale wa Austria, na mwaka 2022 kundi la wasanii liitwalo PARA likamega sentimita chache za ncha ya Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, likachangisha fedha za kulinunua jiwe hilo lirudi Tanzania. Kitendo chao kiliwakera wengi. Mimi sikuudhika. Wajerumani wengi walielewa kwa mara ya kwanza maana ya kumegewa kilele cha kwenu kikawa pambo la meza ya mtu.

Basi tusifike kwenye milango hiyo kama wageni wa kupitisha muda. Mtanzania anayesoma Torino, Mkenya anayefanya kazi Geneva, Mkongo wa Bukavu aliyehamia Lyon, wana haki ya kwenda kwenye dawati na kuuliza: mna nini kutoka Rwenzori, mna nini kutoka Kilimanjaro, na majina ya wabebaji yako wapi? Makumbusho mengi ya Alpi sasa yanataka sana kuulizwa maswali ya namna hiyo. Ya Bern yameanzisha utaratibu wa kuwaonyesha watu vitu vya ghalani na kuwaomba waeleze wanachokijua kuvihusu. Utaratibu huo una maana ndogo ikiwa wenye kujua hawafiki. Makumbusho ya Taifa yetu, kwa Dar es Salaam na Arusha, nayo yanaweza kudai nakala za picha na shajara bila kusubiri mjadala mrefu wa kurudisha vitu asili, mjadala ambao ni muhimu lakini unaweza kula miaka ishirini.

Na hatuna miaka ishirini ya kupoteza. Kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake, na UNESCO ilitahadharisha mwaka 2022 kwamba barafu ya mwisho ya Afrika huenda itatoweka kufikia 2050. Kijiji cha Blatten, Uswisi, kilifukiwa na mawe na barafu Mei 28, 2025. Wakazi wapatao 300 walikuwa wamehamishwa siku chache kabla kwa kuwa kulikuwa na watu wanaoupima mlima ule na kuandika. Sisi vipimo vya kisayansi tunavyo kiasi. Tusichokuwa nacho ni sauti. Wagumu walioanza kupanda Kibo miaka ya 1960 na 1970 wamebaki wachache, wamezeeka Marangu, Machame na Old Moshi, na kila mmoja anakumbuka barafu ilifika mwamba gani alipokuwa kijana, alilipwa kiasi gani, na nani hakurudi. Mamlaka ya hifadhi inakusanya ada kwa kila mgeni anayeingia langoni. Sehemu ndogo sana ya ada hiyo ingelipa vijana wa chuo wenye vinasa sauti wakae na wazee hao kwa mwaka mzima, waandike majina kamili, na kuyaweka mahali ambapo mgeni atayasoma kabla hajaanza kupanda.